Ukorofi wa Farasi Huanzia Tumboni

Anayekwenda Munyonyo, kwenye hoteli iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria kusini mwa Kampala, kwa kawaida ana jambo lake: mkutano wa wizara, harusi ya binamu, au kuogelea Jumapili. Farasi huwaona baadaye, akishashiba na kuanza kutembeatembea bustanini. Speke Resort ina kituo chake cha wapanda farasi, na mjini humo yapo mabanda mengine yanayofundisha watoto na watu wazima kupanda. Mgeni hupiga picha, mtoto hupandishwa akazungushwa kidogo, familia inarudi nyumbani. Ni nadra mtu kuuliza farasi huyo alikuwa nani kabla ya kuwa mpole.

Swali hilo huwapeleka watu Nairobi. Uganda haina desturi ya kuzalisha farasi kwa wingi, na wengi wanaopandwa Kampala wametoka Kenya au wamezaliwa na waliotoka Kenya. Huko Kenya, farasi wa mbio ndiye anayezalishwa kwa bidii na kwa vitabu vya ukoo. Uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954 na kusimamiwa na Jockey Club of Kenya, huendesha mbio zake Jumapili za msimu. Farasi huingia mashindanoni akiwa na miaka miwili au mitatu. Akifika sita au saba, ama hashindi tena, ama mguu umegoma, na mwenyewe hataki kulisha mdomo usioleta kombe. Ila farasi akitunzwa huishi miaka 25, hata 30. Mstaafu huyu ana maisha marefu mbele yake kuliko aliyoyamaliza. Baadhi hupata mabanda mapya hukohuko Kenya. Wengine hupandishwa lori, wakavuka mpaka Malaba au Busia, mwendo wa kilomita zipatazo 650, wakashushwa Kampala pamoja na onyo kwamba farasi huyu ana matatizo.

Matatizo yenyewe kila saisi anayajua. Saisi ndiye mtunza farasi, anayemlisha, kumsugua, kumfungua na kumfunga, na ndiye wa kwanza kupigwa teke. Atakutajia bila kufikiri: farasi hasimami ili apandwe, ukivuta hatamu azuilike ndipo anakimbia, anauma mshipi wa tandiko unapokazwa, hakubali kutoka bandani peke yake, anaruka kwa kivuli cha mwavuli. Wenye haraka huyaita hayo tabia mbaya. Mimi nasema mengi kati ya hayo si tabia. Mengine ni kazi ya zamani ambayo farasi hajaambiwa kwamba imekwisha, na yaliyobaki ni maumivu.

Tuanze na kazi ya zamani. Joki mara nyingi hapandi farasi aliyetulia. Hushikwa mguu akarushwa juu huku farasi anatembea, kisha akakaa kwenye vikuku vifupi, makalio hewani, magoti yakiwa juu karibu na mabega ya mnyama. Farasi anaweza kukimbia miaka minne bila kuzoea uzito wa mtu aliyekaa kitako mgongoni mwake, wala miguu mirefu inayombana mbavuni. Hukimbia katika kundi, hutembea katika kundi, hulala akisikia wenzake wakitafuna. Na joki anapofupisha hatamu na kuzikaza, farasi hujua kwamba kazi imeanza: huegemea lijamu na kuongeza kasi.

Sasa mlete Kampala umpe mwanafunzi wa wiki ya tatu. Mwanafunzi akiogopa ataning'inia kwenye hatamu na kubana miguu asianguke. Farasi anaisoma amri hiyo kama alivyofundishwa: hatamu imekazwa, kimbia. Anakimbia. Kesho yake anaitwa mkorofi na kutafutiwa lijamu kali zaidi, ambayo itamuumiza mdomo na kumfanya akimbie zaidi, na hakuna alilokosa isipokuwa kutii amri ya zamani.

Maumivu yana njia nyingi za kumwingia farasi, lakini mlango wake mkubwa ni tumbo. Farasi aliye malishoni hutafuna saa 14 hadi 16 kwa siku, kidogo kidogo, mchana na usiku. Tumbo lake limeumbwa kwa kazi hiyo: ni dogo kwa mnyama wa kilo 500, na hutoa asidi mfululizo, ale asile. Kinachoipunguza makali asidi hiyo ni mate, na farasi hatoi mate mpaka atafune. Mfungie bandani, mpe milo miwili mizito ya nafaka na nyasi kidogo, kisha mkimbize akiwa na tumbo tupu, asidi itaruka juu na kuchoma sehemu ya tumbo isiyo na kinga. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta vidonda vya tumbo kwa zaidi ya nusu ya farasi wa mbio walio mazoezini, na baadhi zimefikia tisa kati ya kumi. Farasi mwenye vidonda hukunja masikio na kugeuka kuuma pale mshipi unapokazwa chini ya kifua. Husaga meno. Huacha chakula nusu. Manyoya yake hupoteza mng'aro, na kwenye mafunzo huonekana mvivu leo na mwenda wazimu kesho.

Dawa ya vidonda ipo, na madaktari wa mifugo wanaijua. Ni ya jamii ileile anayopewa binadamu kupunguza asidi. Bila kubadili ulishaji, hata hivyo, vidonda hurudi. Na hapa Kampala ina mtego wake.

Uganda ni nchi ya ng'ombe. Kijana wa Mbarara au Nakasongola anayeajiriwa bandani anaijua mifugo kuliko wengi wa wanaompa amri, na maarifa yake yote yametokana na mnyama mwenye matumbo manne. Ng'ombe akipewa mabingobingo yaliyokatwa, yale Waganda wanayoyaita bisagazi, pamoja na debe la pumba za mahindi, ananenepa. Mtu mwenye akili timamu atadhani farasi atanenepa vilevile. Tatizo ni kwamba pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na baadhi ya nyasi za nchi za joto, mabingobingo yakiwemo, zina oksaleti inayoishika kalsiamu iliyomo isifyonzwe na mwili. Vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe huivunja oksaleti kabla haijaleta madhara makubwa. Farasi hana tumbo hilo. Mwili wake, ukikosa kalsiamu kwenye damu, huifuata kwenye mifupa. Baada ya miezi mingi mifupa ya uso huvimba na kulegea, ndiyo sababu ugonjwa huo ukaitwa kichwa kikubwa. Ulaya ya zamani uliwapata zaidi farasi wa wenye mashine za kusaga nafaka, waliolishwa pumba kwa kuwa ndizo zilizokuwepo.

Kabla uso haujavimba kuna kipindi kirefu cha farasi kuchechemea mguu huu leo na ule wiki ijayo, kufupisha hatua, kukataa kuteremka mteremko, kukasirika akipandwa. Ni katika kipindi hicho ndipo huambiwa ana kiburi. Marekebisho yake si ya gharama kubwa: kupunguza pumba, kuongeza nyasi kavu za aina inayofaa, kutafuta alfalfa inapopatikana, kuongeza chokaa ya mifugo kwa kipimo cha daktari. Gharama iko kwenye wingi. Farasi wa kilo 500 anahitaji malisho makavu ya kilo saba na nusu hadi kumi kwa siku, yaani kilo 225 hadi 300 kwa mwezi, mvua inyeshe au isinyeshe, na nyasi zilizoota kuvu hazifai kabisa kwa sababu farasi hawezi kutapika. Anachomeza kimeingia.

Meno na kwato nitavipita haraka, si kwa kuwa ni vidogo bali kwa kuwa havina ubishi. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa miaka mingi na kingo zake hunoleka zikakata mashavu kwa ndani. Husuguliwa kwa tupa angalau mara moja kwa mwaka. Kwato huhitaji fundi kila baada ya wiki sita hivi. Fundi wa kwato mwenye ujuzi ni mtu adimu Afrika Mashariki yote, na banda linalompata humwekea miadi kama daktari bingwa.

Uadimu huo una historia. Mwaka 1874 Mmarekani Charles Chaillé-Long, aliyetumwa na Gordon, gavana aliyekuwa kusini mwa Sudan, aliingia katika mji wa Kabaka Mutesa I akiwa amepanda farasi. Kwa maelezo yake mwenyewe, watu waliokuwa hawajawahi kumwona mnyama huyo walidhani mpandaji na farasi ni kiumbe kimoja, wakashtuka aliposhuka na kiumbe kikagawanyika. Chaillé-Long alipenda kujikuza, na msomaji anaruhusiwa kupunguza chumvi. Ila kwamba farasi alikuwa kitu kigeni Buganda hakuna haja ya kulitilia shaka. Sababu mojawapo ilikuwa mbung'o. Katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 20, malale iliua watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 kwenye mwambao wa Buganda na Busoga. David Bruce, aliyekuwa amegundua kule Zululand kwamba nagana ya mifugo huletwa na mbung'o, alifika Entebbe mwaka 1903 na kuonyesha kwamba mbung'o ndiye anayeeneza malale pia. Nagana humdhoofisha farasi haraka kuliko ng'ombe wengi. Nchi ambayo farasi hufa kabla hajazeeka haiwezi kukuza mafundi wa kwato wala watengeneza matandiko.

Hata leo mtu anayepokea farasi Kampala huanza na damu. Farasi mzito wa mwendo, mwenye ufizi uliopauka, apimwe nagana kwanza, mafunzo yatasubiri. Halafu kuna usubi, wale wadudu wadogo wa jioni wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugonjwa huo hauna tiba, na katika kundi lisilo na kinga unaweza kuua zaidi ya farasi tisa kati ya kumi. Chanjo zake zimetengenezwa kwa miaka mingi Onderstepoort, Afrika Kusini. Mbali na chanjo, kinga ni kuwaingiza farasi bandani kabla jua halijazama na kuwatoa baada ya kucha, jambo linalogongana moja kwa moja na ushauri wa tumbo unaosema farasi akae malishoni muda mrefu. Hakuna banda la Kampala lililotatua mgongano huo kikamilifu. Wanachoweza ni kujaza nyavu za nyasi usiku ili utafunaji usikatike.

Sasa tuseme daktari amepita, meno yamesuguliwa, damu ni safi. Tumpe farasi wetu jina la kubuni, Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku aliyokuwa akienda kazini. Ni maksai mwekundu wa miaka saba, mrefu, mwenye kovu kwenye mguu wa mbele. Afanywe nini?

Mwezi wa kwanza, na ikiwezekana wa pili, asifanywe kitu. Avuliwe viatu vya mbio, apunguziwe nafaka hatua kwa hatua, atolewe kila siku pamoja na farasi mmoja mzee asiyeshtuka kwa lolote, aachwe. Hii ndiyo sehemu inayowashinda wenye farasi wengi, kwa sababu wanalipa na hawaoni chochote kikitendeka. Kumbe kuna mengi. Misuli iliyokuwa imekazwa kwa miaka inalegea. Farasi anajifunza tena kutembea bila kusukumwa. Saisi mwerevu hutumia muda huo kuangalia: Jumapili analala upande gani, anashtuka kwa jicho gani, anamtafuta nani akiachwa peke yake. Farasi huona karibu mzunguko wote, takribani digrii 350, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso. Asiyejua hilo hutokea nyuma kimyakimya na kulaumu teke.

Kisha kamba. Saisi anamvisha kamba ya kichwani, anasimama mbele kidogo ya bega, anaivuta kamba nyuma kwa uzito mdogo sana, anangoja. Jumapili atainua kichwa. Atavuta. Atatazama kando kana kwamba halimhusu. Saisi haongezi wala hapunguzi. Mara mwili wa farasi unaegemea nyuma, hata kabla mguu haujanyanyuka, na papo hapo kamba inalegezwa. Hilo ndilo somo zima. Farasi hafundishwi na kuvutwa. Hufundishwa na kuachiwa, na huambatanisha kuachiwa na kile alichokuwa akifanya sekunde ileile. Ukichelewa umemfundisha kitu kingine. Akikurupuka nawe ukaitupa kamba kwa hofu, umemfundisha kwamba kukurupuka ndiko kunakolipa, na kesho atakurupuka kwa nguvu zaidi maana ana ushahidi. Jumuiya ya kimataifa ya sayansi ya upandaji farasi, ISES, iliyoanzishwa mwaka 2007, imeweka mambo haya katika kanuni zilizoandikwa, lakini masaisi wazuri walikuwa wakiyatenda muda mrefu kabla ya kanuni. Dakika kumi zinatosha. Zikiisha, Jumapili arudi kwenye nyasi.

Kutoka hapo mambo yanasonga kwa hatua ndogo ambazo hazipendezi kwenye picha. Kusimama kando ya ngazi ndogo ya kupandia bila mtu kupanda. Mtu kuegemea tandiko kisha kushuka. Mtu kupanda, kukaa kwa upole, kushuka kabla farasi hajafikiria kuondoka. Kutembea kwa duara pana upande wa kushoto, kisha wa kulia. Kujifunza kwamba miguu inayogusa mbavu inamaanisha songa mbele taratibu, na kwamba mpandaji anapokaa sawasawa na kupumua, mwendo unapungua hata hatamu zisipovutwa. Kwa farasi wa mbio hilo la mwisho ni lugha mpya kabisa.

Mji nao una mitaala yake. Bodaboda huwashwa mbali, nje ya uzio, farasi akiwa anakula. Wiki ijayo inasogezwa. Baadaye inapita kandoni. Mwavuli unafunguliwa na kufungwa. Na kuna kaveera, mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye ncha ya fimbo ili upepee na kupiga kelele, unaosogezwa hadi farasi auguse kwa pua yake mwenyewe. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku kaveera nyepesi kwa sheria tangu mwaka 2009, na bado sijasikia saisi akilalamika kwamba amekosa kifaa hicho cha kufundishia.

Halafu siku moja Jumapili, aliyekwishaonekana mwalimu wa watoto, anapita karibu na lundo la taka, korongo wakubwa wa Kampala wanainuka kwa pamoja na mbawa zao za kutisha, naye anakimbia hadi langoni akiwa amemwacha mpandaji kwenye matope. Asipigwe. Karne ya nne kabla ya Kristo, Mgiriki Xenophon, askari na mfuga farasi, aliandika kitabu juu ya upandaji na akaonya farasi asishughulikiwe kwa hasira, maana hasira haioni mbele na humfanya mtu atende atakayojutia. Saisi anarudi na Jumapili kwenye somo la mwezi uliopita, la kamba na hatua moja nyuma, ambalo farasi analijua na atalifaulu. Akishatulia, wanaondoka. Korongo watatafutwa wiki nyingine, kwa mbali.

Kazi hii ni ya miezi sita hadi mwaka, na hapo ndipo inapogongana na ulimwengu unaotaka miujiza. Muujiza mashuhuri kuliko yote ulifanyika Uingereza mwaka 1858. Mmarekani John Solomon Rarey aliletewa farasi dume aitwaye Cruiser, aliyefungiwa peke yake na kuvishwa kizuizi cha chuma mdomoni kwa kuwa alimshambulia kila aliyemkaribia. Baada ya saa chache Rarey alimpanda. Malkia Victoria alitazama maonyesho yake, na mabwana wakalipa gini kumi kila mmoja wafundishwe siri hiyo, wakaapa kutoitoa. Siri yenyewe ilikuwa mkanda: mguu wa mbele unakunjwa na kufungwa, farasi anahangaika hadi anachoka na kulala chini, kisha anapapaswa mwili mzima kwa upole. Upole wa Rarey ulikuwa wa kweli ukilinganisha na mijeledi ya zama zake. Lakini farasi aliyelala chini kwa uchovu na farasi aliyeelewa wanafanana sana machoni pa mtazamaji aliyelipa kiingilio, na biashara ya maonyesho ya kufuga farasi ndani ya saa moja imeishi kwa kufanana huko mpaka leo.

Kinyume cha muujiza tulikiona wote kwenye televisheni tarehe 6 Agosti 2021. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mashindano ya pentathloni ya kisasa yalimpa kila mshiriki farasi wa kupangiwa kwa kura na dakika 20 za kufahamiana naye. Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza. Akapewa Saint Boy, ambaye alikuwa amekwishagoma na mpandaji aliyetangulia. Farasi hakutaka kwenda. Schleu akawa analia na kuchapa. Kocha wake akampiga farasi ngumi na kuondolewa mashindanoni. Shirikisho la mchezo huo hatimaye liliamua kuondoa farasi kabisa baada ya michezo ya Paris 2024 na kuweka mbio za kuvuka vikwazo bila farasi. Nadhani lilikuwa jibu la haki, ingawa liliepuka swali lenyewe: ni nani aliyedhani dakika 20 zinatosha?

Jumapili akifika kwenye kuruka vikwazo, mengi yatakuwa yamekwisha, na wengi wa aina yake huruka vizuri kwa kuwa wana nguvu ya nyuma na wanapenda kazi. Jambo moja tu la kuangalia ni rangi. Farasi hatofautishi nyekundu na kijani kama sisi. Uingereza, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, ilianza mwaka 2022 kubadili alama za vikwazo vya mbio kutoka rangi ya machungwa kuwa nyeupe, kwa kuwa machungwa juu ya majani mabichi ilikuwa ikimezwa machoni pa farasi. Banda la Kampala lenye nguzo nyekundu kwenye uwanja wa majani linaweza kujirekebisha kwa kopo la rangi.

Wapo farasi wasiofika huko. Mgongo ulioharibika, mshipa wa mguu uliokatika mara mbili, hofu iliyokwishageuka kuwa hatari kwa watu. Kwa hawa, mafunzo zaidi ni ukatili wenye ratiba. Mwenye uwezo amweke malishoni awe mwenzake farasi mpya. Asiye na uwezo amwite daktari, na hilo nalo ni sehemu ya utunzaji, hata kama halitajwi kwenye matangazo ya mabanda.

Kinachonisumbua zaidi katika habari hii ni saisi. Cheti cha mashindano huandikwa jina la farasi, la mpandaji na la mmiliki. Aliyevuta kamba na kuiachia kwa sekunde sahihi asubuhi baada ya asubuhi, aliyegundua kwamba Jumapili anatafuna upande mmoja tu, hana safu yake kwenye fomu. Mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote uwanjani na ndiye anayefukuzwa kwanza wateja wakipungua, akaondoka na ujuzi ambao farasi kumi wanautegemea. Saisi mpya anapoingia, farasi huanza upya. Hata sauti inabadilika: aliyelelewa na masaisi wa Kenya amesikia Kiswahili tangu azaliwe, na ghafla anasemeshwa Kiluganda. Maneno hayamsumbui. Kinachomsumbua ni mkono mgeni unaoachia kamba kwa kuchelewa.

Kwa mzazi anayetafuta mahali pa kumwandikisha mtoto, sitamshauri aanze na ukubwa wa uwanja wala kofia mpya zilizopangwa ofisini. Afike mapema, kabla ya somo, asimame mbali kidogo aangalie farasi anavyotandikwa. Mshipi unapokazwa, masikio yanakwenda wapi? Farasi akigeuka kuuma hewa au kusaga meno, mtoto asipande siku hiyo. Kisha mzazi amtafute saisi amuulize farasi huyo amekula nini tangu jana jioni, na nyasi zake zinatoka wapi.